Migongo ya Picha

Nilikwangua maandishi ya marehemu baba nyuma ya picha thelathini na sita za familia yetu. Nilitumia msasa namba mia na ishirini, mchana kweupe, bila mtu kunilazimisha. Nakala haikuwepo. Mama ndiye aliyekuwa anayahitaji maandishi yale kuliko mtu mwingine yeyote, na mimi nilikuwa najua.

Nasema nilikuwa najua kwa sababu watu wakisikia habari hii hunionea huruma. Husema, maskini fundi wa watu, alitaka kufanya wema, hakujua. Nilijua. Kipimo chake tu ndicho sikukijua.

Kazi yangu ni fremu. Zamani nilikuwa natengeneza fremu za kawaida, vipande vinne vya mbao na kioo, lakini siku hizi picha za watu zinalala kwenye simu zao, na simu haihitaji fundi wa mbao. Kwa hiyo nikahamia kwenye mapambo ya nyumbani. Mtu ananiletea picha ya bibi yake, au ya harusi ya wazazi, au ya mtoto kabla hajaota meno, mimi naibandika kwenye ubao, naipaka vanishi, naunguza kingo kidogo ili ionekane nayo imekula chumvi nyingi. Natengeneza sinia, taa za mezani, na saa za ukutani ambazo mahali pa namba pana sura za watoto wa nyumba hiyo. Mama mmoja ana watoto kumi na watatu. Saa yake ilinitoa jasho.

Kwa kawaida picha halisi siibandiki. Naipeleka duka la fotokopi mtaa wa pili, wananitolea nakala kwenye karatasi nene, ile halisi inarudi kwa mwenyewe ndani ya bahasha. Mara mojamoja mteja hukataa nakala, anataka picha yenyewe. Hapo pana kazi ya ziada. Mgongo wa picha ya zamani unateleza, gundi haiushiki. Lazima uupitishie msasa taratibu mpaka uote manyoya, ndipo upake gundi. Kwetu sisi mafundi mgongo ni upande wa gundi, basi. Miaka yote niliyofanya kazi hii, hakuna mteja aliyewahi kuniuliza mgongo wa picha yake umekwenda wapi.

Picha zetu zilikuwa arobaini na moja. Zilikaa kwenye mkoba mweusi wa mama uliokufa zipu, na nyuma ya kila moja baba alikuwa ameandika.

Baba alikuwa karani wa stoo, na ukarani ulimwingia kwenye damu. Ufagio ukinunuliwa, anauandikia tarehe kwenye mpini. Kiti kikivunjika mguu, anaandika chini yake nani alikuwa amekikalia. Picha ndiyo usiseme. Aliandika nani, wapi, mwaka gani, na mara nyingi aliongeza neno la umbea ambalo mdomoni asingelitoa. Aliandika kwa wino wa bluu, mwandiko wa kuunganisha, umelala upande mmoja kama watu waliobanana kitandani.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Umaskini haukuhusika. Kusoma kulikuwa kunanipiga chenga, na karani hakuweza kuvumilia kuwa na mtoto asiyesoma. Wageni wakija, ananisimamisha sebuleni na gazeti. Nikikwama kwenye neno, anawaambia, "Msubirini, anakohoa." Wageni wanacheka mpaka vikombe vinagongana. Dada yangu akisimama yeye, anasoma kama maji ya bomba. Siku moja niliingia kwa seremala aliyekuwa nyuma ya nyumba yetu, nikashika msumeno, na darasani sikuonekana tena. Dada alisoma akawa mwalimu. Simwonei wivu. Naeleza tu mwandiko ule niliuonaje kila nilipoukuta.

Mama alianza kusahau miaka miwili iliyopita. Kwanza alisahau sufuria jikoni, tukacheka. Halafu akasahau kwamba baba amekufa, akawa anamwekea sahani na kumlalamikia kwa kuchelewa. Kliniki walisema ni ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, hauponi, unacheleweshwa tu. Muuguzi mmoja, mwanamke mnene asiye na haraka, alituambia hivi: "Mzungushieni sura anazozijua. Na kila siku mhesabu ametaja watu wangapi kwa kinywa chake mwenyewe. Andikeni kwenye daftari mniletee."

Dada, ambaye alikuwa amestaafu na kurudi kukaa na mama, aligundua njia. Kila siku saa kumi anamletea mama mkoba. Mama anachomoa picha, anaitazama uso, anatikisa kichwa. Halafu anaigeuza na kumpa dada asome. Dada anasoma yale maneno ya baba jinsi yalivyo, bila kupunguza. Hapo mama anafunguka kama mlango. Akisikia tu "shangazi mkubwa, siku aliyogombana na mpiga picha", anakuhadithia ugomvi wote, na ndani ya ugomvi ule wanatoka watu wengine watatu. Dada alikuwa anaandika daftarini: tisa, nane, tisa, kumi, tisa. Mama alikuwa anaishi nyuma ya zile picha. Hivi ndivyo dada alivyonieleza, na nilimsikia vizuri.

Kisha binti wa dada akajifungua kwa upasuaji mji mwingine, dada akaitwa. Wiki tatu.

"Fundi, mimi naondoka," aliniambia, begi mkononi. "Chakula utafanya unavyojua, hata ukiunguza atakula. Lakini saa kumi mpe mkoba na umsomee. Usiruke hata siku moja."

"Sawa, dada."

"Sawa ya kweli au sawa ya kunifukuza?"

"Ya kweli."

Siku ya kwanza saa kumi nikampa mkoba. Akachomoa picha ya mwanamke mrefu aliyeshika mwavuli, akaitazama, akaigeuza, akanipa.

"Soma."

"Huyu ni yule shangazi wa upande wa..."

"Nimekuuliza? Nimesema soma."

Nikaanza. Mwandiko ule ukanifunga. Herufi zimeshikana mikono, hujui moja inaishia wapi. "Sha... shangazi, ali... alipo..."

Mama akaniangalia. "Unakohoa?"

Asubuhi ile alikuwa amesahau jina langu, ameniita fundi bomba. Alikuwa amesahau nyumba ina milango mingapi. Hilo la kukohoa hakulisahau. Na alilitoa kwa sauti ileile ya baba, kisha akacheka, akacheka kweli, mpaka akajifuta macho kwa upindo wa nguo.

Nina miaka hamsini na mbili. Nilikaa kwenye kigoda nikahisi masikio yanawaka moto.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Kila nikikwama, "unakohoa?" Nikisoma polepole anaichukua picha, ananipa nyingine, kama mtu anayejaribu ufunguo usiofungua. Siku ya nne sikumpa mkoba. Nilimpa chai. Dada akapiga simu jioni.

"Ametaja wangapi?"

"Saba."

"Wameshuka. Unasoma yote au unafupisha?"

"Nasoma yote."

Basi nikajiambia maneno ya muuguzi: mzungushieni sura anazozijua. Sura, alisema. Mimi si fundi wa sura? Nikaona nimtengenezee mama chumba ambacho akifumbua macho tu, ukoo wote unamtazama. Hakuna mkoba, hakuna kugeuza, hakuna kusoma. Nikajiambia pia kwamba zile picha zinachakaa, na hilo lilikuwa kweli. Wiki hiyohiyo mama aliichovya moja kwenye chai akidhani ni mkate. Ukitafuta sababu nzuri ya kufanya jambo baya hukosi.

Nilianza na nakala, kama sheria yangu inavyotaka. Nikapeleka picha tatu duka la fotokopi, nikamletea mama nakala zake mkononi. Alizipapasa kwa kidole gumba.

"Hizi si zetu."

"Ni zilezile, mama."

"Hizi ni tangazo." Akaziweka chini ya kikombe.

Nikaamua kutumia zenyewe.

Nilizipanga mezani karakanani kifudifudi, na bluu ya baba ikanijaa machoni. Karakana yangu imepakana na saluni ya mwanamke mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Msusi. Mchana hana wateja wengi, kwa hiyo huja kukaa mlangoni kwangu kunichokoza. Siku hiyo alisimama na kitana kimechomekwa nywelani.

"Fundi, leo unasugua ukoo wako?"

"Nasugua karatasi."

Akaokota picha moja kabla sijaifikia. Yeye hakukohoa. "'Mke wa kwanza wa mdogo wangu, aliyetuachia kiti hiki.' Kiti gani hicho?"

"Nitajuaje?"

"Sasa hii unaikwangua?"

"Gundi haishiki kwenye karatasi laini."

"Ningekuwa mimi, ningezipiga kwanza kwa simu huku nyuma. Dakika kumi tu. Lete nikupigie."

"Ungekuwa wewe," nikamwambia, "ungekuwa na wateja muda huu, usingekuwa mlangoni kwangu."

Alirudisha picha mezani taratibu, akaenda. Msusi ana mdomo, lakini ukimgusa kwenye kazi yake hanyamazi kwa kukosa jibu. Ananyamaza kwa kuumia. Sikumfuata. Nilichukua ile picha ya kiti nikaanza nayo.

Msasa ukipita kwenye wino wa zamani, unga wake unatoka wa bluu hafifu, kama wa chaki. Nilikuwa naupuliza. Nilisoma mbili tatu bila kutaka, neno hapa neno pale, mengine sikuyaangalia. Nitasema ukweli kwa sababu sina tena cha kuficha: zilikuwepo picha ambazo nilizikwangua kwa nguvu kuliko gundi ilivyohitaji.

Kazi ilichukua siku nne. Nilitengeneza ubao mkubwa wa picha ishirini, saa ya picha kumi na mbili, na sinia ya picha nne. Tano zilizobaki nilizibandika kwenye kofia ya taa, juu ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Hizo tano sikuzipiga msasa. Haikuwa hekima, karatasi iliyokwanguliwa ukiiwashia taa inaonyesha mabaka. Kila kitu nikakipaka vanishi mara tatu. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na sitaifanya tena.

Nilivitundika mama akiwa anaoga. Alipotoka, nikamkalisha kitandani. Alitazama ukutani muda mrefu, na uso wake ukalainika.

"Wamekuja wengi," alisema.

"Wamekuja wote, mama."

Moyo wangu ulinijaa, sikatai. Saa nzima nilijiona mwana. Kisha akainuka, akausogelea ubao, akaweka ukucha kwenye kona ya picha ya yule mwanamke wa mwavuli, akaanza kuichokonoa.

"Nigeuzie."

"Haigeuki, mama. Imebandikwa."

"Nigeuzie nimwone."

"Si huyo unamwona?"

"Hiki ni kichwa tu. Nigeuzie nimwone."

Nilimwambia jina lenyewe, maana huyo nilikuwa namjua, shangazi mkubwa. Akanisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo vya watu asiowafahamu, akarudi kuchokonoa. Ukucha ukavunjika. Damu ilipotoka akaitazama bila kuuliza ni ya nani.

Kesho yake nilimkuta ameishusha saa, ameilaza mapajani kifudifudi. Anatazama kile kimashine cha nyuma.

"Huyu ndiye nani?"

"Hiyo ni betri, mama."

"Ya upande wa nani? Wa baba yako?"

Nilicheka. Mtu mwingine angelia, mimi nilicheka, na yeye akacheka kunifuata. Halafu akaigeuza sinia, akaona mbao, akapitisha kiganja, akaiweka. Hakuigeuza tena. Tangu siku hiyo hakugeuza kitu chochote.

Siku ya tano tangu nivitundike, akaanza kuwaogopa.

"Hawa wageni wanaondoka lini?" alininong'oneza, ameshika mkono wangu.

"Si wageni. Ni watu wetu."

"Watu wetu hawawezi kukaa hivi. Wamekaa tu, hawasemi kitu. Hata kujitambulisha hawajajitambulisha." Kisha akasema kwa sauti kubwa zaidi, ili wasikie, "Chakula chenyewe hakitoshi."

Nikaufunika ubao kwa shuka. Akasema wananong'ona ndani ya shuka. Nikamhamishia sebuleni, akalala kwenye kochi. Dada akipiga simu nilikuwa namwambia sita, namwambia saba, na kwenye daftari naandika sita, naandika saba. Kusema kweli hakukuwa na wa kuhesabu. Alikuwa ananitaja mimi na dada, basi, na mimi si kila siku.

Dada alirudi siku ya Ijumaa mchana. Alimkuta mama kwenye kochi, akapiga magoti, akamshika mashavu.

"Mama, nimerudi."

"Karibu. Mwalimu yupo?"

"Mwalimu ndiye mimi, mama."

"Basi vizuri," mama akasema, na akageukia dirishani.

Dada akainuka akaingia chumbani. Nikamsikia anavuta shuka. Nikasimama mlangoni, mikono sijui niiweke wapi. Alikuwa ameishika sinia, ameigeuza, anatazama mbao.

"Maandishi yako wapi?"

"Nilipiga msasa."

"Zote?"

"Za kwenye taa sikupiga."

"Uliyanakili mahali?"

"Hapana."

"Uliyasoma?"

"Mbili tatu."

Akakaa kitandani. Dada yangu amefundisha miaka thelathini na moja. Ana sauti inayoweza kunyamazisha uwanja mzima. Aliongea chini kabisa. "Baba ana miaka kumi na moja kaburini, na wewe bado unagombana na mwandiko wake."

"Mama alinicheka."

"Mama ni mgonjwa, mdogo wangu."

"Najua."

"Najua nini? Kila kitu unajua. Hebu lete hiyo taa."

Tulitoa balbu. Plastiki ile inaonyesha, kwa hiyo ukichungulia kwa ndani, mgongo wa picha unauona kupitia gundi. Lakini kofia yenyewe ni nyembamba, jicho halipati nafasi. Mwisho dada aliivaa kichwani, akasogea dirishani kwenye jua, akawa anaizungusha. Mwanamke wa miaka sitini amevaa taa. Ingekuwa siku nyingine, tungeanguka chini kwa kicheko.

"'Mjomba Kiatu,'" alisoma kutoka humo ndani, "'na baiskeli isiyo yake.'"

"Huyo namkumbuka kwa kusikia."

"'Mama mkwe siku aliyokuja kutuona akakataa kukaa.'" Akazungusha. "'Dada yangu wa mwisho, wiki moja kabla hajaondoka.' Kuondoka kwenda wapi?"

"Sijui. Alikuwa na dada wa mwisho?"

Alizungusha tena, kisha akaacha kuizungusha. Nilidhani jua limemchoma macho.

"Dada?"

"Hii ya mtoto mchanga kwenye kapu," alisema. "Mimi. Ile tuliyokuwa tunasema ni mimi."

"Eeh."

"'Mtoto wetu wa kwanza. Alikaa nasi siku arobaini na tatu.'"

Aliivua taa, akakaa kitandani, akaishika mapajani. Dada ndiye mkubwa. Maisha yake yote ameitwa kifungua mimba, na amebeba mizigo ya kifungua mimba.

Picha ya tano wino ulikuwa umeyeyuka kwenye gundi, ukawa wingu.

Tulimpelekea mama taa palepale kochini. Dada akamwonyesha yule mtoto, akamsomea yale maneno taratibu, kama yalivyo, bila kupunguza, jinsi alivyokuwa anafanya zamani. Akayarudia mara tatu.

"Mama, alikuwa anaitwa nani?"

Mama aliiangalia taa kwa adabu. "Mtoto mzuri," alisema. "Wa nani?"

Jioni ile ndipo dada aliponiambia lile jingine. Alikuwa hana nia ya kunikomoa. Alikuwa anajaribu kukumbuka kila mgongo, anaandika kwenye daftari, akafika kwenye picha yangu. Humo nina miaka kumi na mitano hivi, nimeshika msumeno mlangoni kwa yule seremala. Sikuwahi kujua nani aliipiga.

"Hii alikuwa ameandika nini?" nikauliza.

"Sikumbuki. Mama hakuwa anaichomoa mara nyingi." Alifikiri. "Ilikuwa ndefu. Mistari mitatu. Ya kwangu ya kuhitimu ilikuwa mmoja."

"Huwezi kukumbuka hata neno?"

"Ningekumbuka nisingekuambia?"

Kesho yake asubuhi niliubeba ule ubao kwenda karakanani. Nilisema, ikiwa lazima moja iharibike kwa majaribio, iwe yangu. Niliweka kitambaa chenye maji ya moto juu yake kwa muda wa saa mbili, kisha nikaingiza wembe pembeni. Nilikuwa na wazo kwamba labda wino ulizama ndani ya karatasi chini ya pale msasa ulipofika, kwamba kungekuwa na alama, hata mkwaruzo wa kalamu. Picha iliinuka vizuri nusu kidole. Halafu uso ukaachana na karatasi, ukajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nikabaki na kijana asiye na sura, na msumeno nusu. Chini yake palikuwa na karatasi nyeupe iliyoota manyoya, nyeupe safi. Nilikuwa nimeifanya kazi yangu vizuri.

Msusi alipita, akasimama. Aliona nilichoshika. Hakusema chochote, na mimi nilitamani aseme.

Muuguzi alipolisoma daftari, alifika kwenye sita na saba zangu akauliza kwa nini hazipandi wala kushuka. Nikamwambia nilizitunga. Alizifuta kwa rula na kalamu nyekundu, bila kunikaripia. Dada akamuuliza, je, tukiwasomea hao wanne wa kwenye taa kila siku, inaweza kumrudisha? Akasema ugonjwa huu haurudi nyuma, tungempoteza hata hivyo. Dada akauliza lini. Akasema kwa mtu aliyekuwa anataja tisa, labda tungepata mwaka. Labda mmoja na nusu. Akasema kuna wagonjwa wana uzi mmoja tu wa kushikia, na si kazi ya mtu mwingine kujua uzi huo uko wapi, ila ya wale wanaokaa naye.

Hesabu yake ni hii. Picha zilikuwa arobaini na moja. Kumi na nne tunazijua wenyewe, mimi na dada, na moja kati ya hizo, yangu, haina uso. Nne tumezisoma kwenye taa. Moja wino wake uliyeyuka. Ishirini na mbili ni za watu tusiowajua, na hakuna aliye hai wa kumuuliza. Mama alikuwa anataja watu tisa kwa siku. Leo ni mwezi wa nane hajataja hata mmoja. Wa mwisho kutajwa alikuwa dada, siku ya Jumanne, wiki ya tatu baada ya kurudi kwake. Mimi alikuwa ameniacha siku kumi na mbili kabla.